Wimbo Ni Mali ya Nani? Kwaya Zetu, Kunakili na Amri ya Saba

Msafiri anayeshuka Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mahali zinapokutana njia za Kahama, Kigoma na Rusumo, hachukui muda mrefu kabla ya kusikia kwaya. Sauti hutoka katika kibanda ambamo kijana ameketi mbele ya kompyuta, akiwaingizia wateja nyimbo katika memori kadi na flashi. Dereva wa lori anayekwenda mpakani humpa kadi yake, akaenda kula, na arudipo hukuta nyimbo mia mbili za kwaya Katoliki zimo ndani, kwa malipo yasiyofikia bei ya sahani ya wali na maharage aliyotoka kula. Nyimbo hizo zitamsindikiza hadi Lusahunga, Benaco na Rusumo. Huenda zikamlinda asisinzie, na huenda mojawapo ikamgusa moyo akakumbuka kusali. Waliozitunga hawatapata chochote, wala hatayajua majina yao.

Tumeanza na kibanda hicho kwa sababu ya swali tuliloulizwa hivi karibuni. Mtunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi ambaye pia hufundisha kwaya katika mojawapo ya parokia zetu, alitujia akiwa na simu mkononi. Alituonyesha video ya kwaya ya mbali ikiimba wimbo wake, kwa mavazi ya kupendeza na picha zilizopigwa kando ya ziwa. Watazamaji walikuwa wengi. Jina lake halikutajwa popote. Ubeti wa pili ulikuwa umebadilishwa, na fundisho kuhusu Ekaristi Takatifu likapinda kidogo. Wakati huohuo kwaya yake yeye ilikuwa bado inalipa deni la studio kwa mavuno ya maharage, maana albamu waliyoirekodi ilikwisha kuenea katika simu za watu kabla ya siku ya uzinduzi, na waliokuja kuzinduliwa nayo hawakuona haja ya kuinunua. Akauliza kwa upole: "Baba, nisaidie kujua jambo moja. Hapa nimeibiwa, au nimehubiri?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Baada ya kulitafakari, tunaona kwamba yote mawili ni kweli: amehubiri, na ameibiwa. Kuhubiri kwake hakufuti wizi aliofanyiwa, na wizi huo haukuliondoa tunda la kuhubiri kwake. Katika uchambuzi huu tunataka kueleza kwa nini, na kuonyesha kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa kanisani kuliko linavyomhusu kijana wa Nyakanazi.

Kwa nini wimbo haufungiki

Wimbo haumilikiwi kama shamba au mbuzi. Mtu akimchukua mbuzi wa jirani, zizi la jirani linabaki na pengo. Akiuchukua wimbo, mwenyewe bado anao, na ulimwenguni kuna waimbaji wawili badala ya mmoja. Shamba huwekewa mipaka kwa miti ya minyaa, lakini wimbo ukishaimbwa mbele ya watu umo masikioni mwao, na sikio halina mlango.

Kanisa lenyewe liliwahi kujifunza hili. Zaburi ya toba iliyotungwa na Gregorio Allegri katika karne ya 17 ilikuwa ikiimbwa katika Kikanisa cha Sistina wakati wa Juma Kuu, na nota zake zililindwa kwa wivu mkubwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1770 kijana wa miaka 14, Wolfgang Amadeus Mozart, aliusikia wimbo huo, akarudi alikofikia na kuuandika kwa kukumbuka tu. Mwaka huohuo Papa Klementi XIV alimpa kijana huyo nishani ya heshima. Kama kuta za Vatikano hazikuweza kuufungia wimbo, itakuwaje kwetu ambako kila kijana ana simu?

Wala hatuna sababu ya kulilaani kila tendo la kunakili, maana Liturujia yetu kwa Kiswahili ilienea kwa njia hiyo. Padre Stefano Mbunga, aliyeutetea muziki wa Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliona Misa yake ya Baba Yetu ikiimbwa na watu wengi kwa sababu walimu wa kwaya waliinakili na kuipeleka vigangoni. Mwaka huohuo Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu, waliagiza kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima na nafasi yanayostahili katika ibada. Agizo hilo lilitufikia vijijini likiwa ndani ya madaftari. Sisi wenyewe, tulipokuwa seminari, tulinakili nota kwa kalamu, do, re, mi, mstari kwa mstari, na kanda tulizitoa nakala kwa redio za mikanda miwili. Hatukufikiri hata mara moja kumwomba mtu ruhusa. Tuliona tunalitumikia Kanisa, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa.

Hata kwa wazee wetu wa Uhangaza, Ushubi na Uzinza, wimbo wa harusini au wa kilimo haukuwa na uzio. Aliyeusikia leo aliuimba kesho katika kilima cha pili. Lakini katika desturi hiyo kulikuwa na jambo ambalo sisi wa leo tumelisahau. Aliyejaliwa kutunga alijulikana. Aliitwa aanzishe, akapewa nafasi ya mbele, na kibuyu cha rubisi kikamfikia kabla ya wengine. Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wimbo ulikuwa wa wote, na heshima ilikuwa ya mtunzi, bila hata hakimu kuhitajika.

Kinachoweza kuibwa

Kama wimbo wenyewe haufungiki, ni kitu gani kinachoibwa? Tunaweza kulijibu swali hili kwa kuwatazama watu wawili wa bara letu.

Wa kwanza ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika. Kila mtoto wa shule ya Ngara anauimba asubuhi akiwa mstarini. Sontonga alifariki mwaka 1905, na kwa miongo mingi kaburi lake halikujulikana liliko, hata lilipotambuliwa na kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Mataifa kadhaa yaliinuka na kusimama wima kwa sauti yake, huku mahali alipolala pamesahauliwa.

Wa pili ni Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu, aliyerekodi wimbo Mbube mwaka 1939. Alilipwa shilingi chache tu kwa haki zake, na alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wimbo huo ulibadilishwa jina na maneno, ukazunguka dunia nzima, ukaingia hata katika filamu ya The Lion King. Waliopokea fedha walikuwa wengine. Binti zake walipata suluhu ya haki mwaka 2006 tu, baada ya shauri kufunguliwa mahakamani.

Mifano hii miwili inatuonyesha mambo matatu ambayo mtunzi anaweza kuporwa hata kama wimbo unabaki kichwani mwake: jina lake, ukamilifu wa kazi yake, na ujira wake. Sontonga alikosa kumbukumbu iliyomstahili. Linda alikosa yote matatu. Mwalimu wetu mwenye simu mkononi naye amekosa yote matatu.

Sheria ya nchi yetu inayajua mambo haya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo chimbuko la COSOTA, inampa mtunzi haki za kiuchumi, yaani kufaidika na kazi yake, na pia haki za kimaadili, yaani kutajwa kuwa ndiye mtunzi na kupinga kazi yake isipotoshwe. Haki hizo huanza pale kazi inapotungwa, hata kabla ya kusajiliwa, na kwa kawaida ulinzi wake hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Walimu wengi wa kwaya hawalijui hili. Hudhani hakimiliki ni jambo la wasanii wa Dar es Salaam wenye mawakili, wakati daftari la mtunzi wa kigango cha Nyakahura linalindwa na sheria ileile.

Mafundisho ya Kanisa yanakwenda ndani zaidi ya sheria. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza amri ya saba, huanza kwa kutukumbusha kwamba mema ya dunia yamekusudiwa wanadamu wote, kisha hufundisha kwamba haki ya mtu kumiliki ni ya kweli, nayo ipo chini ya lengo hilo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alionyesha kwamba katika nyakati zetu kuna umiliki wa aina nyingine, wenye uzito usiopungua ule wa ardhi, nao ni umiliki wa maarifa na ustadi. Wimbo ni maarifa na ustadi. Ni usiku ambao mwalimu alikaa na taa akitafuta sauti ya nne. Tunapoutumia kwa faida yetu bila kumjali, usiku ule tumeuchukua bila malipo, sawa na tajiri anayemzuilia kibarua ujira wake.

"Mmepewa bure"

Tunalijua jibu linalotolewa mara nyingi. Kipaji ni cha Mungu, husema watu, na Bwana alifundisha kwamba kilichopokelewa bure kitolewe bure. Ni kweli kipaji ni cha Mungu, na mtunzi asiyelikumbuka hilo yuko hatarini. Lakini tuangalie neno hilo la Injili ya Mathayo liliambiwa nani. Liliambiwa mitume waliokuwa wakienda kutoa. Halikuambiwa watu waliokuwa wakienda kuchukua. Mtunzi anaweza kujiambia kwamba atatoa bure, na akibarikiwa kufanya hivyo tumshukuru. Sisi tulio wapokeaji hatuna ruhusa ya kulisema neno hilo kwa niaba yake. Ni katika Injili hiyohiyo, na vilevile kwa Luka, ambapo Bwana anasema kuwa mtenda kazi anastahili kutunzwa kwa kazi yake.

Sisi mapadre tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Tunahubiri bure, na bado tunapokea sadaka ya Misa, na waamini hutuletea ndizi, kuku na mafuta ya gari. Hatuoni kwamba kupokea huko kunaharibu ubure wa Injili, kwa sababu Mtakatifu Paulo alifundisha kuwa wanaohudumu altareni wana fungu lao kutoka altareni. Kwa nini basi mwalimu wa kwaya, anayetembea kilomita nyingi kwa baiskeli kwenda mazoezini, ndiye pekee ambaye utumishi wake lazima uwe wa njaa?

Nyimbo zisizo na mwenyewe

Hapa kwetu kuna ugumu mwingine, ambao huenda majimbo mengine hayana. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakaweka kambi Benaco. Wengine walikuja kutoka Burundi, na kambi ya Lukole iliendelea kuwapo hadi mwaka 2008. Walikuja bila mali, lakini walikuja na nyimbo. Wapo miongoni mwetu wanaokumbuka kwaya za kambini zikiimba chini ya maturubai. Baadhi ya tuni hizo zimebaki huku, zimevikwa maneno ya Kiswahili na Kihangaza, nazo zinaimbwa hadi leo. Waliozitunga wako wapi? Wengine walirudi kwao, wengine walitawanyika, wengine walikufa. Hakuna wa kumwomba ruhusa.

Je, deni limekufa kwa sababu mdai hajulikani? Hapana. Linabadilika umbo. Anayeimba tuni ya namna hiyo angalau aseme ilikotoka, wala asiandike jina lake juu ya nota kama mtunzi, jambo ambalo kwa masikitiko tumeliona. Na kwa kuwa watunzi hao walikuwa wakimbizi, tunaweza kuwalipa kwa namna tunavyowapokea wakimbizi wa leo. Hiyo nayo ni haki.

Jirani zetu wa Burundi wametupatia mfano wa hatari iliyo upande wa pili. Ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 serikali yao ilitoa amri iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hizo, na kuvitaka vikundi viwe na kibali kabla ya kutumbuiza nje ya sherehe rasmi. Nia ya kulinda urithi inaeleweka. Lakini ulinzi ukizidi, kilichokuwa cha watu kinakuwa cha ofisi, na kilichozaliwa uwanjani kinafungiwa kabatini. Sheria yetu wenyewe inalinda sanaa za jadi dhidi ya wanaozitumia kibiashara bila idhini, na hilo ni jema. Hata hivyo tusitamani siku ambayo bibi wa Rulenge ataombwa kibali kabla ya kumwimbia mjukuu wake.

Nani hasa ana deni?

Wanaonakili hawana uzito mmoja mbele ya Mungu. Mama anayesikiliza wimbo jikoni kutoka simu ya mwanawe hatufikirii kwamba anahitaji kuungama, na sheria nayo inaacha nafasi kwa matumizi binafsi ya mtu. Kijana wa Nyakanazi anapata riziki kwa kazi ya wengine, na hilo halifai. Lakini ni maskini anayewauzia maskini, na hakuwahi kuona duka halali ambalo angeweza kununua nyimbo hizo.

Deni kubwa liko kwetu tunaoimba hadharani na kupata faida: kwaya inayorekodi wimbo wa mtu bila kumwuliza, parokia inayokusanya michango ya uzinduzi bila kumkumbuka mtunzi, mwenye studio anayeziuza nyimbo za kwaya kwa mlango wa nyuma, na padre anayesifia wimbo mimbarini bila kujali ni wa nani. Kwaya zetu hazikosi njia ya kuwajua watunzi. Katika Swahili Music Notes, ambako nota nyingi za Kikatoliki hupatikana, jina la mtunzi huandikwa pamoja na wimbo. Hapo nota zinanakiliwa kila siku, na jina linasafiri nazo. Kisha mtu anaketi, anaandika nota upya kwa ajili ya kwaya yake, na jina ndilo analoliacha. Kosa hilo haliwezi kusingiziwa teknolojia.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache ambayo parokia yoyote ya Ngara na Biharamulo inaweza kuyaanza bila kusubiri bajeti.

Kwanza, pasiwe na nota inayoingia kwenye faili la kwaya bila jina la mtunzi. Pale ambapo hajulikani, iandikwe hivyo, pamoja na mahali wimbo ulikotoka.

Pili, kwaya inayotaka kurekodi wimbo usio wake iombe ruhusa kwa maandishi. Ujumbe wa simu uliohifadhiwa unatosha kuwa mwanzo. Maneno yasibadilishwe bila idhini ya mtunzi, na yanapohusu imani yapitiwe na wahusika wa Liturujia.

Tatu, katika kila uzinduzi, fungu litengwe kwa ajili ya watunzi kabla ya kugawana kingine chochote. Si lazima liwe kubwa. Kibuyu cha rubisi cha wazee wetu hakikuwa kikubwa, lakini kilitangulia.

Nne, watunzi wajilinde. Waweke tarehe na sahihi katika kazi zao, wazisajili COSOTA, na wasiingie studio bila mkataba ulioandikwa.

Tano, nasi tunawaomba watunzi jambo moja: wasiigeuze Liturujia kuwa kizuizi cha barabarani. Kigango chenye waimbaji wanane na ngoma moja kiachwe kiimbe bila kulipa. Anayerekodi na kuuza ndiye mwenye wajibu wa kulipa, na asiyeweza kulipa analo bado jina la kulitaja.

Yule mwalimu tulimjibu hivyo. Tulimwambia kwamba amehubiri, na tukamshukuru. Tulimwambia kwamba ameibiwa, na tukamsaidia kuiandikia barua kwaya ile, kwa heshima, tukiomba mambo matatu: jina lake liwekwe kwenye video, ubeti wa pili urekebishwe, na wazungumze kuhusu malipo. Mwenyekiti wa kwaya hiyo alipiga simu baada ya wiki mbili. Alisema walidhani mtunzi alikwisha kufariki. Jina limewekwa. Mazungumzo kuhusu ubeti na malipo yanaendelea.

Novemba 22 tutaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, na kwaya nyingi zitafanya sherehe. Tunaomba siku hiyo, kabla ya wimbo wa mwisho, mwalimu wa kwaya asimame na kusoma majina ya watunzi wote wa nyimbo zilizoimbwa katika Misa hiyo, walio hai na waliofariki. Itachukua dakika mbili. Waliofariki tuwaombee raha ya milele. Walio hai, tuwatafute namba zao za simu.